Mchanga Chini ya Zulia

Tulilinunua Rustavi, siku ya manyunyu,
kati ya magari elfu yaliyobanana kama meno.
Viti saba, rangi ya zeituni,
maili tisini elfu kwa kauli ya dashibodi.
Muuzaji alilipiga bodi kofi la mapenzi:
"Mama mmoja wa Amerika. Kanisani na kurudi, basi."
Nugzar akacheka. Mimi nikanusa.
Lilinukia limau,
limau nyingi mno kwa mtu wa kanisani.

Wiki ya tatu, mlima wa Rikoti,
mshale wa joto ulifika kileleni kabla yetu.
Pampu ya maji: lari mia tatu na ishirini.
Otari fundi, mikono ikiwa bado myeusi,
alihesabu noti, akasema:
"Huyu ni mtangulizi tu."

Mwezi wa nne giaboksi ikaanza kusita,
kutoka gia ya pili kwenda ya tatu
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Elfu mbili na mia nane, nayo iliyotumika,
imechomolewa kwenye gari jingine lililokufa.
Niliuza cherehani yangu ya pili, ile nzuri,
nikabaki na inayoruka uzi.

Kisha bushi. Kisha shokomzoba ya kushoto
na, kwa wivu, ya kulia.
Taa ya injini iliwaka Jumatatu moja isizimike tena;
tukaizoea
kama picha ya marehemu ukutani.
Mama mkwe hakuuliza bei.
Alikuwa akitazama viatu vya Nutsa, vilivyochanua mbele,
kisha akimtazama mwanawe.
Wanasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia.
Afadhali mbuzi. Mbuzi angekamuliwa.

Halafu honi.
Saa nane za usiku, halina mtu, lapiga kelele,
vioo vyateremka vyenyewe, vyote vinne,
theluji yaingia na kuketi viti vya watoto.
Majirani wa ghorofa tano wakajifunza jina la Nugzar.

Otari akang'oa viti, akafunua zulia kuutafuta waya.
Chini yake, tope.
Tope kavu, laini kama poda ya uso,
limejaa kila kona ambayo kitambaa cha muuzaji hakikufika.
Ndani ya mlango, mstari wa maji,
umenyooka, usawa wa kifua changu nilipoketi.
"Hili lilizama," akasema,
akanikabidhi kibanio cha nywele cha mtoto,
kipepeo, bawa moja.

Sikuujua mto ule wala jina la mji.
Lakini usiku ule sikuwa na hasira na gari.
Niliwaza: walitoka kwa mlango upi?

Nugzar aliwaza kuuza.
Akanunua chupa ya dawa ya manukato.
Sikuhitaji kusoma kibandiko.

Wakaja Jumapili, kijana wa Zestafoni na mkewe,
mimba ya miezi saba, labda minane,
akishika mlango kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine.
Nugzar alikwisha anza: "Gari la familia hili…"
Mwanamke akanusa.
Nikamjua.
Nikainama nikashika ncha ya zulia, nikaivuta,
ikachanika kwa sauti ya kitambaa, sauti ya kazi yangu.
Hakuna aliyesema kitu.
Waliondoka kwa basi dogo.

Siku tatu Nugzar aliongea na redio tu.
Siku ya nne akalikunja zulia zima,
akalibeba hadi jalalani.

Sasa tunaendesha juu ya bati tupu.
Barabara yote inaingia: kokoto, maji, reli ya Samtredia.
Nutsa anasema gari limeanza kuongea.
Jana lilitaja paipu ya breki.
Mia moja na tisini.
Otari alipunguza kumi.